Kalibu ya Babu

Chumba alichofia Babu ndicho chenye mashine. Hakuna aliyepanga iwe hivyo. Shangazi, dada yake baba, alipoacha kazi ya kuchora mitambo na kurudi kumuuguza baba yake, alikuja na vitu vyake vyote, pamoja na lile sanduku la kioo linalochapa vitu. Likawekwa pembeni ya kitanda cha mgonjwa kwa kuwa hapakuwa na nafasi pengine. Kitanda kimeshaondoka. Mashine imebaki, na miguu ya kitanda imeacha alama sakafuni ambazo mama huzisugua na hazitoki.

Mimi naipenda mashine hiyo, na naiogopa. Hula uzi wa plastiki, huuyeyusha na kuutandaza tabaka juu ya tabaka kama buibui mwenye subira, mpaka mchoro wa kwenye kompyuta usimame kitu kamili. Inapofanya kazi huguna, sauti ya mtu anayejaribu kukumbuka wimbo. Mama hapiti mlango ule bila kukohoa kwanza.

"Unampigia nani hodi, wifi?" Shangazi humuuliza.

"Mwenye chumba."

Wote wawili hucheka, kisha huacha kucheka kwa pamoja.

Babu alikuwa na ulimi uliokataa kutenganisha r na l. Mgeni akibisha hodi, yeye huitikia kwa sauti nene: "Kalibu! Kalibu ndani!" Wajukuu tulimcheka mpaka tukaambukizwa. Hadi leo nyumbani kwetu hakuna anayemkaribisha mtu sawasawa.

Mkono wake wa kulia ulipoanza kutetemeka, mkongojo ukawa unamponyoka. Shangazi akazungushia kichwa cha mkongojo bonge la udongo laini.

"Shika, baba. Shika kama unayetaka kusimama."

Babu akashika. "Haya, mpini nimeshika mimi," akasema. "Makali kashika nani?"

"Makali nimeshika mimi, baba."

Udongo ukabaki na kiganja chake, vidole vyake, na ubavuni shimo dogo lenye kina ambamo dole gumba lilizama. Shangazi aliupiga picha kila upande kwa simu, kompyuta ikaziunganisha picha zikawa umbo, mashine ikachapa mpini wa mkongojo. Sampuli ya kwanza ilikuwa nyembamba mno. Iliyofuata Babu aliigeuza-geuza akauliza, "Huu umemtengenezea bata?" Uzuri wa kuchapa ni kwamba kosa la asubuhi husahihishwa jioni. Ikaja moja aliyoishika, akaenda nayo hadi getini na kurudi, jasho linamtoka na meno yote nje.

Siku aliyofariki, mashine ilikuwa ikichapa mpini mwingine wa akiba. Katika kilio hakuna aliyekumbuka kuizima. Waombolezaji walijaa sebuleni, na nyuma ya ukuta yenyewe iliguna tu, ikimtengenezea mpini mtu asiyehitaji tena kusimama. Ilipomaliza ikatoa kile kimlio chake. Shangazi akaingia, akatoka na mpini ungali na joto, akanipa nishike. Dole langu likateleza lenyewe hadi mle shimoni. Niliuachia upesi kama kaa la moto.

Mipini ile ingekaa kabatini kama si Mama wa Mazoezi, yule aliyekuwa akija kumnyoosha Babu viungo. Aliiazima kwa ajili ya wazee wake wengine. Mmoja wao, fundi nguo mstaafu ambaye kila mtu humwita Bibi Cherehani, hakuwahi kumwona Babu maishani mwake. Alishika, akasema: "Mwanangu, kitu hiki hukishiki. Chenyewe ndicho kinachokushika."

Mama wa Mazoezi akataka mipini ya wazee wote. Hapo mambo yakagoma. Kuchapa mmoja kulikula siku nzima, na kibaya zaidi, mmoja ulimpasukia mzee kwenye ngazi, ukafunguka tabaka kwa tabaka kama kitabu kilicholowa. Ukuta alioudaka ungekuwa mbali kidogo, tungezungumza mengine.

"Kuchapa ni kwa kujaribia," Shangazi aliniambia, "si kwa kumwegemeza mtu." Kuchonga kila mpini kutoka bonge zima? Ungekuwa imara, ila nusu ya plastiki ingegeuka vumbi, na wazee wangengoja mpaka wachoke kungoja. Ilibaki njia moja, ya kumimina.

Basi tukamwendea fundi mwenye karakana ya sakafu nyeusi kwa mafuta. Alituona tu mlangoni, akaita kwa sauti nene: "Kalibu?"

Shangazi alisimama kama aliyegusa waya wa umeme. Mimi nywele zilinisisimka. Fundi wa watu alikuwa akiuliza shida yetu: kama tumefuata kalibu, kile chombo cha chuma cha kumiminia. Ni vipande viwili vinavyofumbana kama taya. Plastiki ya moto huingia, ikapoa, taya zikafunguka, kitu kikadondoka. Dakika haiishi kimetoka kingine.

Alichukua mpini akaugeuza, dole lake likasimama juu ya shimo bila kuingia.

"Hili shimo litatuumbua, dada. Limekaa ubavuni. Chuma kitakachoingia humu kitang'ang'ania, taya zikifunguka mpini hautoki. Ukitoka, umepasuka. Lijaze, pawe laini."

"Hilo si shimo. Ni dole gumba la baba yangu."

Fundi akanitazama mimi. Nikaitikia kwa kichwa.

"Poleni," akasema taratibu. "Lakini chuma hakijui msiba." Akamwambia Shangazi afikirie mpaka yeye amalize kalibu ya vifuniko vya ndoo aliyokuwa akiichonga. Baada ya hapo ingekuwa zamu yetu, na chuma kikishachongwa hakina kifutio.

Shangazi alilijaza shimo kwenye kompyuta. Nilimtazama akifanya hivyo, na uso wake ulikuwa uleule wa makaburini, wa kurusha konzi la udongo bila kuangalia linakoangukia. Akachapa sampuli moja laini, tukampelekea Bibi Cherehani. Bibi akazunguka nayo chumba kizima.

"Mzuri. Mwepesi." Akageuka. "Mwenzake yuko wapi?"

"Mwenzake nani, bibi?"

"Aliyekuwa akinishika."

Mama wa Mazoezi akacheka, akatafuta wa kucheka naye, akamkosa.

Kesho yake Shangazi alilipindua lile umbo kwenye kioo cha kompyuta kila namna, kama mtu anayelaza mgonjwa asiumie. Mwishowe akalilaza kiubavu, shimo likaelekea moja kwa moja kule taya zinakofungukia. Sasa chuma kingeingia na kutoka bila kung'ang'ania. Dawa ilikuwa na uchungu wake: taya zingekutana katikati ya kiganja, zikaacha mshono mkali wa kumchubua mzee. Kila mpini ungepaswa kukwanguliwa kwa mkono.

"Yote hiyo?" fundi alishangaa kwenye simu. "Na nani?"

"Makali nimeshika mimi," Shangazi akajibu.

Kulikuwa na jambo lingine. Plastiki ikipoa hunywea, kwa hiyo kalibu huchongwa kubwa kidogo kuliko kitu chenyewe. Shangazi alilijua hilo fika. Alimtumia fundi mafaili mawili: lililokuzwa, la kuchongea, na la kipimo halisi, la kulinganishia mipini ikishatoka. Na hapo ndipo ulimi wa Babu ulipoingia kazini. Faili la kipimo halisi, lenye mkono wake, Shangazi alikuwa amelipa jina tangu siku ya udongo, kwa kumtania: KALIBU. Yaani karibu ndani. Sisi tulilizoea hata hatukuliona tena. Fundi akafungua, akakuta faili limeandikwa kalibu, akachonga kalibu. Ungemlaumu?

Siku ya kumimina, taya zilifunguka na mpini ukadondoka bila ubishi, shimo lake zima. Fundi akapiga kofi la furaha. Akachukua bomba la mkongojo achomeke. Halikuingia. Akapima, akapima tena.

"Dada, si uliniandikia KALIBU?"

"Ndiyo."

"Basi nami..."

Wote watatu tulielewa kwa pamoja: alichongea faili lisilokuzwa, na mpini ulikuwa umenywea. Fundi akaanza kueleza kwa haraka: anaweza kujazia chuma na kuchonga upya, itachukua muda, au apanue tundu la bomba tu na mkono ubaki ulivyo. Shangazi hakuwa akimsikia. Alikuwa ameufumba mpini kiganjani.

"Ni mdogo sana?" nikauliza.

"Ni mkono wa Jumatano," akasema.

Babu alifariki Jumatano. Udongo ulishikwa na mkono uliokuwa bado na nyama. Baadaye alinywea, pete ikawa inamvuka na kudondoka kitandani, na mkono ambao Shangazi aliushika asubuhi ile ya mwisho haukuwahi kupigwa picha na mtu yeyote. Sasa ulikuwa pale karakanani, umetoka kwenye chuma, una joto.

"Usichonge chochote," akamwambia fundi. "Kwanza kuna mtu wa kuulizwa."

Njiani aliukwangua mshono kwa wembe. Bibi Cherehani aliushika, akafumba macho, akaegemea kwa uzito wake wote. Mpini haukulia.

"Amerudi," akasema. Kisha akakunja uso. "Mbona amekonda hivi? Anaumwa?"

"Alikuwa anaumwa, bibi," Shangazi akajibu. "Sasa basi."

Akampigia fundi simu papo hapo. "Panua tundu tu. Mkono uache."

Siku hizi chumba kimejaa makasha ya mipini, yote imelala shimo juu, inangoja. Shangazi hukaa pale kilipokuwa kitanda akikwangua, na plastiki nyembamba humwangukia miguuni kama kucha zilizokatwa. Jana mtu alibisha hodi, nasi tukaitikia bila kuinua vichwa: "Kalibu!"

Alikuwa Mama wa Mazoezi. Kabla hajakaa, alichungulia nyuma ya mlango.

"Mlioitikia ni wawili tu?" akauliza.