Nguzo Iliyovaa Nyeusi

Bi Nafusa hakujua kusoma hata jina lake, lakini kwa kuongoza kilio msibani, kijijini kwao kusini mwa Misri hakuna aliyemfikia. Wasomi wana majina yao ya mapambo ya maneno: tashbihi, sitiari, takriri. Yeye alikuwa na mapambo yenyewe yote mdomoni. Bibi arusi akifa, aliiuliza hina kwa nini imekauka bure. Hina haijibu, na wanawake wote walijua haijibu, ndiyo maana waliangua kilio. Baba wa nyumba akifa, mstari ulikuwa mmoja tangu enzi za bibi yake: nguzo imeanguka, nyumba imelala chini.

Sasa akafa Bayumi. Mungu amrehemu, lakini tuseme kweli, yule alikuwa mtu wa kushinda mkahawani akicheza domino. Nyumba ya matofali aliijenga mkewe, Gamalat, kwa kuuza jibini na siagi, na humo alimtunza mama mkwe wake, Bi Sekina, na kuwalea mabinti zake wawili. Kaburi halijakauka, Zinhum, kaka wa marehemu, akaanza kusema nyumba ni ya ukoo, mjane arudi kwao. Wazee wangeamua siku ya tatu ya msiba. Na wazee wetu siku hiyo hukaa nje ya ukuta na kahawa chungu mkononi, wakisikia kila neno linalotoka uani kwa wanawake.

Zinhum alilijua hilo vizuri. Akamwendea Bi Nafusa na mfuko wa sukari na majani ya chai, akaomba mstari wa nguzo urudiwe mpaka sauti zikauke. Nguzo ikishakuwa Bayumi na nyumba ikishalala chini, nani atamtetea anayeishi ndani yake?

"Ni mapambo tu, Bi Nafusa," alisema. "Mstari wa siku zote."

"Kama ni mapambo, mbona umekuja kuyanunua?"

Akamrudisha na sukari yake. Mtu mzima hovyo, kwenda kununua kwa sukari machozi ya kumlilia ndugu yake mwenyewe!

Siku ya tatu ua ulijaa pomoni. Bi Nafusa alijipaka usoni nila, rangi ya buluu ya msiba, akajifunga kitambaa kiunoni, akasimama katikati. Nje Zinhum alikuwa ameshakaa karibu na wazee, akingoja mstari wake.

"Ameanguka nani?" Bi Nafusa aliuliza.

Hakutaka jibu. Alitaka watazame. Akamshika Gamalat mkono, akamwinua kutoka mkekani.

"Nguzo haijaanguka. Nguzo imevaa nyeusi."

Wanawake walitazamana. Mstari ule haukuwahi kuguswa na mtu, na kilio kisichoitikiwa ni aibu ya kumzika aliyekianzisha. Bi Nafusa hakuufuta. Aliurudia, kwa sauti kubwa zaidi.

Ndipo sauti nyembamba ikaitikia kutoka pembeni. Ilikuwa ya Bi Sekina, aliyemzaa Bayumi na kumzaa Zinhum. "Imevaa nyeusi," alisema, akijipiga kifua. "Nguzo yangu imevaa nyeusi." Ua mzima ukamfuata, mara tatu, mara kumi.

Nje Zinhum aliinuka kutaka kupinga. Mzee mkubwa akaweka kikombe chini, akamuuliza kama anaye mama mwingine wa kumtolea ushahidi.

Zinhum akakaa.