Mwenyekiti wa Jezi Nyeusi

Katika mtaa wetu hapa Paarl, Afrika Kusini, upande wa mashariki wa mto, hakuna aliyewahi kumuuliza Gasant Toefy anashabikia nani. Gereji anayonyooshea bodi za magari ina ukuta mzima uliopakwa rangi nyeusi, na juu yake jani la fedha la New Zealand, kubwa kuliko boneti ya lori. Kila mwaka yanapoanza mashindano ya raga ya mataifa manne ya kusini, yaani New Zealand, Australia, Argentina na hawa wetu, magari yaliyobondeka husukumwa nje, viti vikaingizwa ndani, na watu thelathini na kitu hukusanyika kuiombea nchi yao ishindwe. Mwenyekiti wao ni Gasant.

Mgeni akishangaa, tunamsamehe. Mwaka sabini na sita, enzi za ubaguzi wa rangi, New Zealand ilipokuja kucheza, Gasant alikuwa na miaka kumi na minne na kaka yake Sedick ishirini na mbili. Waliketi nyuma ya milingoti ya goli, ndani ya uzio wa waya, huko walikotengewa watu wa rangi yetu, wakawashangilia wageni. Wangeishangiliaje timu ambayo isingewaruhusu hata kuifulia soksi? Chupa ikarushwa kutoka jukwaa la pili, la Wazungu, na Sedick akapoteza jicho la kushoto. Hospitalini, bandeji ikiwa bado mbichi, alimvuta mdogo wake kwa sikio akamlisha yamini kwamba maadamu anapumua hatawafurahia wavaa kijani. Gasant alikula kiapo hicho huku sikio likimuuma.

Sedick ndiye aliyeianzisha klabu ya mtaa, na ndiye aliyeiwekea sheria yake kuu. Springboks, yaani hao wavaa kijani, wakifunga, mwenyekiti huinuka, huiendea televisheni, huizima sauti, na hakuna anayefungua kinywa mpaka mpira upigwe tena. Sukari ilipomwondoa Sedick, miaka kumi na mmoja sasa, mjane wake Faldiela alimuuliza Gasant mbele ya waombolezaji kama ataubeba uenyekiti. Akajibu kwamba ataubeba. Siku ya maziko mtu atajibu nini kingine?

Sasa nitoe siri, maana yeye hataitoa. Mwaka uliofuata, Gasant aliitwa kunyoosha mlango wa basi la shule moja ya jirani. Alikuwa amelala chali chini ya basi aliposikia kelele uwanjani, akachungulia, akamwona mtoto mwembamba wa mtaa wa pili, Marlon Kiewiets, mama yake anapakia zabibu kiwandani, akikimbia na mpira wa raga kando ya mstari. Watoto saba walimrukia na wote saba wakaishia kukumbatia nyasi. Gasant aliacha nyundo pale pale. Tangu siku hiyo hakukosa mechi ya mtoto yule, na kwa kuwa hakuna aliyemdhania lolote, hakuna aliyemwuliza.

Marlon akakua, akachaguliwa, akavishwa kijani. Na hiyo kijani yenyewe haikuwa tena ile ya mwaka sabini na sita. Ilivaliwa na watu wa kila rangi, na baadhi yao walizungumza kama tunavyozungumza sisi, kwa mzaha ule ule na meno yale yale yaliyopungua mbele. Moyo wa Gasant ukahama bila kumuomba ruhusa. Alijitahidi kuurudisha, mzee wa watu, lakini ulikataa.

Ndipo maisha yake yakawa kazi ngumu. Wapinzani wakifunga, apige makofi na huku roho inamchoma. Springboks wakifunga, avae uso wa msiba. Kilichomwokoa ni ile ile sheria ya Sedick, kwa sababu kuizima sauti kulimlazimu kuwapa watu mgongo. Pale mbele ya televisheni, kwa muda wa pumzi tano au sita, alitabasamu mpaka masikio yakasogea. Kisha aliufuta uso kwa kiganja na kurudi kitini. Aliishi kwa pumzi hizo tano miaka mitatu.

Mkewe Gadija alimfuma asubuhi moja amejifungia ndani ya gari la mteja, vioo juu, anasikiliza marudio ya mechi redioni na machozi ya furaha yanamtiririka. Aligonga kioo, akaambiwa yote. Aliiweka sahani yake ya sambusa juu ya boneti.

"Mume wangu," alisema, "ungekuwa na mwanamke nje ningejua pa kuanzia. Hili silijui. Nenda kwa Faldiela ukamwambie."

Akaenda kweli. Alimkuta shemeji yake uani anafua skafu nyeusi ya marehemu kwa mkono, maana mashine haiamini. Kabla Gasant hajakohoa vizuri, Faldiela alikwisha anza malalamiko yake: watoto wa imamu wamehamia kijani, jirani wa kushoto amehamia, na binti yake mwenyewe, aliyemzaa kwa uchungu, amewanunulia wajukuu jezi za kijani na anathubutu kuwaleta nazo mpaka sebuleni. Aliikamua skafu mpaka tone la mwisho.

"Wamehama wote, shemeji. Umebaki wewe. Siku ukihama na wewe, jicho la Sedick litakuwa limetoka bure."

Gasant alikunywa chai, akasifu chai, akaondoka. Njiani alisimama mara mbili kutaka kurudi, na mara zote mbili miguu ilimpeleka nyumbani.

Basi ikaja ile Jumamosi ya Septemba ambayo Cape Town iliwakutanisha Springboks na All Blacks, ndio hao New Zealand wa jezi nyeusi, na mshindi ndiye anayebeba kombe. Tangu adhuhuri Gasant hakula kitu. Alikuwa na jambo moja tu akilini, kufika mwisho wa mechi uso wake ukiwa haujamsaliti. Aliingia gerejini mapema kupanga viti, akakuta vimekwisha pangwa, na ile televisheni ya zamani haipo. Mogsien, fundi umeme ambaye ni makamu wake, alikuwa amechangisha watu kimya kimya. Sasa televisheni mpya, pana kama kitanda, ilikuwa imening'inizwa juu ukutani. Kiti cha mwenyekiti kilikuwa kimewekwa chini yake, pembeni kidogo, kimeelekezwa kwa watu.

"Tunataka tukuone unavyotuongoza, Boeta," alisema Mogsien, akimwita kaka kama tunavyomwita sote, na akamwekea rimoti mkononi.

Gasant alisema yeye amezoea kusimama, na kwamba sheria ya Sedick inasema kusimama. Alisema pia shingo itamuuma akitazama kwa kujipinda. Watu walicheka.

"Magoti yako yamezeeka. Kaa. Kazi yako siku hizi ni kidole tu."

Faldiela alikuja amejifunga skafu, akavuta kiti chake karibu na cha shemeji yake mpaka miguu ya viti ikagusana. Watu wakajaa. Mlango mmoja ulikuwa wazi upande wa barabara, na mwingine, wa kwenda nyumbani, ulizibwa na viti vitatu na tumbo la Mogsien.

Sitasimulia mechi nzima. All Blacks walitangulia, na Gasant alipiga makofi mpaka viganja vikapata moto. Springboks walipofunga trai ya kwanza, mpira ukawekwa chini nyuma ya mstari wa goli, alibonyeza rimoti, sauti ikakatika, na nyuso thelathini zikamgeukia, kwa kuwa hapakuwa na cha kusikiliza. Aliyang'ata mashavu kwa ndani. Mtu mmoja nyuma alinong'ona kwamba mwenyekiti anaumia sana leo. Wakati wa mapumziko Gadija alimletea chai, akamtazama, akamshika bega kidogo, akaenda zake.

Zilibaki dakika mbili, All Blacks wakiongoza kwa pointi nne. Mpira ukaponyoka mkononi mwa mtu wa jezi nyeusi, ukadunda vibaya kama unavyodunda mpira wa raga, ukamfikia Marlon Kiewiets kando ya mstari, mbali kabisa na goli. Gasant alijipinda kumtazama. Akamwona anaanza kukimbia kwa mbio zile zile za uwanja wa shule, wa kwanza akamkosa, wa pili akamkosa, na wa tatu akakumbatia nyasi. Gereji nzima ilikuwa inamwambia aanguke. Gasant peke yake, kifuani, alikuwa anamwambia kimbia mwanangu, na hakuruhusiwa hata kusogeza midomo.

Marlon aliuweka mpira chini katikati ya milingoti, pointi tano, na kombe likawa la kijani. Kidole kikabonyeza. Kimya kikaanguka, watu wote wakamgeukia mwenyekiti wao, na mwenyekiti alikuwa analia, analia kwa kwikwi, mabega yanapanda na kushuka, na hakuna mgongo wa kuwapa.

Kwa sheria, hakuna aliyesema neno. Mkwaju ukapigwa, kipenga cha mwisho kikapulizwa bila sauti. Huko mtaa wa pili, kwa kina Kiewiets, honi zilianza na wanawake wakapiga kelele za furaha. Mogsien aliinuka akaushusha mlango wa barabarani ili kelele zisimwumize mzee. Wanaume wazima walikuja mmoja mmoja kumpa Gasant mkono wa pole. Mmoja alisema hajawahi kuona mtu mwaminifu kiasi hicho.

Faldiela alifungua skafu shingoni, akamfuta nayo machozi kama anavyofutwa mtoto, kisha akamshika mkono akaubana. Gasant alimtazama. Akaona ni sasa au basi.

"Faldiela," alisema, na sauti ilitoka imepasuka. "Silii kwa huzuni."

"Najua, shemeji," alisema Faldiela, naye machozi yakimlengalenga. "Ni hasira. Hata Sedick alikuwa hivyo hivyo."

Watu walikuwa wamesimama kuwazunguka, wanangoja. Gasant alisema ndiyo, ni hasira.