Sahani ya Maini Iliyowapita Wanaume

Mwaka ule wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuingia kijiji cha Nkoma na malori yao, Felisita alikuwa na mimba ya pili, na hamu yake yote ilikuwa ya udongo. Maduka yalikuwa yamejaa biskuti na soda, vitu ambavyo miaka michache nyuma watu walivipangia foleni, lakini yeye hakuvitaka. Alitaka udongo wa kichuguu. Mvua ikinyesha na harufu ya ardhi ikipanda, mate yalimjaa mdomoni. Alimega kipande, akajificha nyuma ya nyumba na kukitafuna taratibu.

Mumewe, Josia, alijua, wala hakumkataza. Mama mkwe wake, Nyanjige, hakuona ajabu. Naye alikula udongo alipokuwa na mimba ya Josia.

Msimu wa kuvuna ulipofika, mwili ukamgomea. Akichuma pamba kidogo tu, moyo ulimwenda mbio na masikio yakavuma. Siku moja alianguka shambani, akaangukia mfuko wake wa pamba. Alipozinduka, Nyanjige alikuwa akimpepea kwa khanga.

"Josia, leta baiskeli! Huyu hana damu. Tazama viganja vyake vilivyopauka."

Zahanati walimkuta muuguzi Eufrasia, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kwaya. Alivuta ukope wa chini wa Felisita, akaguna.

"Unakula udongo, mayu?" alimwuliza, akimwita mama kwa Kisukuma.

Felisita alitazama sakafu. "Kidogo."

"Kidogo cha ndoo?" Eufrasia akacheka, hata Felisita akacheka. Kisha akawaeleza bila haraka kwamba damu inahitaji madini, hasa chuma.

"Chuma?" Josia alishtuka. "Hiki cha jembe?"

"Hicho hicho, ila kidogo sana, na kimo ndani ya chakula. Maini, nyama, dagaa, maharage, majani ya kunde. Udongo unakizuia kisiingie kwenye damu. Chai nayo, usinywe pamoja na chakula. Na mboga zako zikamulie limau, linakisaidia kuingia."

Akampa vidonge vya kuongeza damu. Felisita alivimeza siku chache, halafu akaona choo chake kimekuwa cheusi kama masizi. Akajua amelishwa sumu. Akavificha chini ya godoro, akalia peke yake. Nyanjige alipomkuta na macho mekundu, alimbana mpaka akasema yote. Mama yule hakubishana. Alijifunga khanga, akaenda zahanati kwa miguu, akarudi jioni amejaa vumbi.

"Nimeuliza. Ni hicho chuma chenyewe, kimo kwenye vidonge, kingine kinapita tu. Meza, mwanangu."

Pamba ilipouzwa, baba mkwe, mzee Machibya, alichinja mbuzi. Katika kaya ile maini yalikuwa ya wanaume tangu zamani, wala hakuna mwanamke aliyewahi kuyaulizia. Wanaume walikuwa wamekwisha kunawa mikono Nyanjige alipotoka jikoni na sahani. Akawapita. Akaiweka mbele ya Felisita.

"Nyanjige," mzee aliita, "maini yangu yanakwenda wapi?"

"Kwa mjukuu wako. Wewe damu unayo, ndiyo maana unapiga kelele."

Josia alijifanya kukohoa. Felisita hakuthubutu kuinua mkono. Aliona macho yote yako kwake. Mzee Machibya akausukuma ugali upande wa mkwe wake.

"Kula basi, yasipoe."

Alikula. Yalikuwa laini, yana chumvi ya kutosha, na alipomeza tonge la kwanza mkono ukarudi sahanini wenyewe.

Hamu ya udongo iliondoka polepole, hata hakujua ni lini. Mvua za vuli zilipoanza akajifungua mtoto wa kike palepale zahanati, wakamwita Kabula, jina la mtoto wa mvua. Alikuwa na sauti kali ajabu. Mzee Machibya alimpakata jioni nzima, akikataa kumpa mtu mwingine, na Felisita akalala usingizi mzuri hadi mtoto alipotaka kunyonya.