Tarumbeta Lililomwita Onen

Saverio Ojara alikuwa na midomo ya mtu aliyetaka kusema jambo kisha akaahirisha. Katikati ya mdomo wa juu palikuwa na alama ya duara, ngumu kama sugu ya kiganja cha mkulima. Alikuwa askari polisi kwa miaka ishirini na mitano, na katika miaka hiyo yote hakumkamata mtu hata mmoja. Alipuliza tarumbeta katika bendi ya kambi moja upande wa Nakawa. Walipomuuliza yuko kitengo gani, alijibu, "Mimi niko upande wa upepo."

Alikuwa Mwacholi, mtu wa kaskazini, na baba yake alimwachia pembe ya swala yenye tundu ubavuni. Kwao kila mwanamume alikuwa na pembe yake, na kila pembe ilikuwa na mwito wake, sauti chache zilizokuwa mali ya mtu huyo peke yake. Mwito ukisikika porini au penye ngoma, hakuna aliyeuliza nani anakuja. Na mtu akifa, ndugu au rafiki huupuliza mwito wake mbele ya watu, na watu wa nyumbani mwake huitikia kwa kulitaja jina lake la sifa. Asipoitwa hivyo anabaki katikati, si wa hapa wala wa kule, na mkewe hajui avae nini wala alie vipi.

Ojara aliingia polisi akiwa na pembe hiyo sandukuni. Wakampa tarumbeta la shaba na karatasi za muziki. Alijifunza kusoma karatasi vizuri kuliko wengi, lakini alisema kwamba kwa miaka tisa alipuliza kama mtu anayesoma barua ya mwenzake kwa sauti.

Kisha, mwaka 1961, akamsikia Lucius Tate.

Tate alikuwa Mmarekani mweusi, mpiga jazi, na wakati huo alikuwa tayari kaburini. Sauti yake ilitoka kwenye duka la santuri karibu na mtaa wa biashara wa Kikuubo, ikapita juu ya magunia na wachukuzi, ikamkuta Ojara akivuka barabara na sare zake. Alisimama katikati ya njia mpaka dereva mmoja akamtukana. Akaingia dukani, akatoka na sahani moja nyeusi. Sahani hiyo hakuachana nayo tena.

Gramofoni hakuwa nayo. Aliyekuwa nayo ni Phelister Nabalayo, Mkenya kutoka Bungoma, mwenye hoteli ya chai nyuma ya soko la Nakawa. Huko ndiko Ojara alikokuwa akienda kila Jumamosi mchana pamoja na Onen, mpiga tarumbeta wa pili, rafiki yake tangu mafunzo. Sindano za gramofoni zilipoadimika, baada ya wenye maduka Wahindi kufukuzwa nchini mwaka 1972, Onen alichonga miiba ya mlimau kwa wembe. Mwiba mmoja ulitosha upande mmoja wa sahani. Muziki ulitoka laini zaidi, kana kwamba Tate amehamia chumba cha pili na kuacha mlango wazi.

"Huyu mtu ni wa kwetu," Onen alisema kila Jumamosi. "Babu yake aliibiwa Kitgum."

"Meli gani ilifika Kitgum?" Phelister aliuliza akiwa jikoni.

"Alitembea mpaka kwa meli. Sikia hapo, dada! Sikia! Anaita jina yake."

"Anaita polisi warudi kambini, chai imeisha."

Ulikuwa mzaha, lakini Ojara hakucheka. Alikuwa ameigundua siri ya sahani ile. Nyimbo zake zilikuwa nne: wa kanisani, wa mazishi, wa mapenzi, wa kulewa. Katika kila mmoja Tate alianza kwa adabu, akaupiga wimbo kama watu wote wanavyoujua. Halafu, katikati, akatoka. Akapiga sauti saba zilezile, zake, ambazo hazikuwa za wimbo wowote, na wenzake hawakusimama. Ngoma haijamkosa, amesharudi. Huyo alikuwa mtu aliyeitwa "boi" na kila mwenye gari katika mji wake mpaka nywele zikawa nyeupe, na katika kila wimbo waliomlipa kuupiga aliacha jina lake ndani. Kwa hiyo hakuzeeka. Kila mwiba mpya ulipoishukia sahani, Tate alikuwa anakataa upya kuitwa boi.

Desemba ya mwaka huo wa 1972 wakamchukua Onen.

Ilikuwa saa moja asubuhi, bendi iko mazoezini. Gari lisilo na namba likasimama kando ya uwanja, wanaume wawili wa miwani myeusi wakashuka, wakasema jina lake, na Onen akaliweka tarumbeta lake kwenye nyasi kwa uangalifu, mdomo ukitazama chini ili umande usiingie. Mkuu wa bendi, Inspekta Katembo, alikuwa ameinua kijiti hewani. Kijiti kilibaki hapo juu mpaka gari lilipotoka getini. Kisha akakishusha, na bendi ikaanza pale ilipoishia.

Siku zile askari wengi wa kaskazini walikuwa wakiondoka hivyo bila kurudi, kwa kuwa rais aliyepinduliwa alikuwa wa upande wao. Baada ya juma moja tangazo likabandikwa ofisini: konstebo Onen ni mtoro, ameiacha kazi, familia yake itoke katika nyumba ya serikali kabla ya mwisho wa Januari.

Mkewe, Akwero, alilisoma tangazo hilo akiwa amembeba binti yake Lamunu. Hakulia hadharani, kwa kuwa kumlilia mtoro lilikuwa kosa. Majirani walichota maji wakiwa wamempa mgongo. Alikwenda kwa Ojara, akasimama mlangoni, hakutaka kukaa.

"Shemeji, maiti yake siwaombi. Najua hawatanipa," alisema. "Lakini siwezi kurudi kwa mama yake Onen na kumwambia mtoto wake alikimbia. Mimi nataka aitwe. Ndugu zake wote wawili wamekwisha. Nani atamwita kama si wewe?"

"Pembe ikilia hapa kambini, mama Lamunu, watakuja kabla sijavuta pumzi ya pili."

"Nimejua hiyo kabla ya kuja," Akwero akasema, na akaondoka.

Maneno hayo yalimkaa Ojara kifuani siku nyingi. Aliitoa pembe, akairudisha. Aliliinua tarumbeta, akauona uwanja uleule na nyasi zilezile. Jumamosi akaenda kwa Phelister peke yake. Miiba ya Onen ilikuwa bado imo katika kopo la chumvi. Ilibaki sita. Akaweka mmoja, akasikiliza wimbo wa mazishi, akaurudia, akaurudia, mpaka mwiba ukawa butu na Tate akaanza kunong'ona.

"Unatafuta nini humo, afande?" Phelister alimuuliza.

"Mlango anaotokea."

Mwisho wa Januari kulikuwa na gwaride la kuadhimisha siku ambayo jeshi lilitwaa nchi. Brigedia mmoja angekuja kambini kupokea saluti. Bendi ilikuwa na maandamano ya polepole, ya Kiingereza, yenye nafasi ya tarumbeta la kwanza peke yake katikati, vipigo kumi na sita. Katembo aliwapanga siku moja kabla na kusimama mbele ya Ojara. Katembo alikuwa Mkongo aliyelelewa na bendi ya misheni. Alikuwa na binti sita na hofu moja kubwa kuliko wote.

"Kesho unapiga karatasi," alisema. "Karatasi peke yake. Bendi hii haipigi kitu haijaandikwa. Umenisikia?"

"Nimesikia, afande."

"Nasikia unaenda sana kwa hoteli, kusikiliza maiti ya Amerika."

"Si maiti sana, afande."

Jua la siku iliyofuata lilikuwa kali. Brigedia alisimama jukwaani na nishani zake, wale wa miwani myeusi nyuma yake. Familia za askari ziliwekwa nyuma ya kamba, wanawake na kanga zao safi, na Akwero miongoni mwao. Zilikuwa zimebaki siku mbili atolewe kwenye nyumba. Bendi ikaja kwa hatua ya polepole. Ojara alivipiga vipigo vinne kama vilivyoandikwa, kwa adabu, kama mwana wa kanisani.

Halafu akatoka.

Mwito wa Onen ulikuwa na sauti sita: mbili ndefu, tatu fupi, na moja inayopanda na kuachwa juu bila kushushwa. Ojara aliupiga mara moja, kwa nguvu zote za kifua chake, ukapita juu ya kofia za askari. Kisha akaupiga tena. Ngoma zikaendelea. Miguu ikaendelea. Lakini katika mistari ile kila mtu wa kaskazini alijua nani ameingia uwanjani, na vidole vyao vikakaza bunduki bila amri. Nyuma ya kamba Akwero alifungua kinywa na kuliita jina la sifa la mumewe, lote, kwa sauti ambayo haikuwa ya kuficha. Hapo Ayot, mke wa sajenti, aliyekuwa akimpa mgongo kisimani, akapiga kigelegele. Wa pembeni yake akakidaka. Vigelegele vikasambaa kamba nzima, vikaifunika sauti ya mjane kama kanga inavyofunika mtoto, na wale wa miwani wakageuka wasione ila wanawake wanaoshangilia gwaride.

Ojara alirudi kwenye karatasi. Ngoma haikuwa imemkosa.

Baada ya saluti Brigedia akamwita Katembo. Ojara aliliona jasho la mkuu wake likichora mstari mgongoni.

"Nani alipiga ile kitu?" Brigedia aliuliza. "Ile ilitoka nje."

Katembo alisimama wima. Alikuwa na jibu la kweli mdomoni, na kwa jibu hilo yeye na binti zake sita wangelala salama.

"Ni jazi, afande," alisema. "Ya Amerika."

"Jazi." Brigedia alilionja neno. "Inaingia kwa damu. Kila gwaride mpige hiyo. Si mtu moja, tarumbeta yote."

"Ndiyo, afande."

Asubuhi iliyofuata Katembo alimwita Ojara ofisini, akamsukumia karatasi ya muziki na kalamu. Amri ilikuwa amri: wapigaji wengine lazima wasome, na kila karatasi lazima iwe na jina na muhuri kabla ya kuingia kabatini. Ojara aliandika sauti sita. Ilikuwa mara ya kwanza, alisema baadaye, kuona jinsi mtu mzima anavyokaa katika mstari mmoja. Kisha juu, palipoachwa wazi, akaandika: Onen.

"Hapana," Katembo akasema. "Andika Jazi ya Amerika."

"Siandiki, afande."

"Hii ni jina ya mtoro!"

"Si mtoro. Walimchukua mbele yako. Ulikuwa umeshika kijiti hicho hicho."

Katembo akakitazama kijiti mezani.

"Ojara, utaniua. Nitakupeleka kwao mimi mwenyewe, kwa mkono yangu hii."

"Nipeleke. Lakini nikienda, nani atawafundisha wengine? Na Brigedia anataka tarumbeta zote."

Nje mtu alikuwa akisafisha vyombo vya shaba kwa mchanga. Katembo akafungua droo. Akautoa muhuri, akaupulizia pumzi kwa sababu wino ulikuwa umekauka, akaugonga juu ya karatasi, pembeni mwa jina.

"Wakiniuliza," alisema bila kuinua macho, "Onen ni mji. Huko Amerika."

"Upande gani, afande?"

"Kusini. Mji ya jazi yote iko kusini. Toka hapa."

Waliipiga kwa miaka minne, katika kila gwaride, mbele ya watu walewale waliosema Onen ni mtoro. Mwaka 1977, watu wa kaskazini walipoanza tena kukusanywa, Ojara alivuka mpaka kule Busia akijifanya mchukuzi wa Phelister, sahani ya Tate ikiwa katikati ya majani ya migomba. Karatasi aliiacha kabatini. Alisema hapo ndipo mahali pake.

Lakini Akwero hakuachiwa nyumba. Tangazo halikufutwa. Siku aliyotolewa, mwisho wa Januari ileile ya gwaride la kwanza, lori la kwenda kaskazini lilisimama getini, na yeye akapandishwa juu ya magodoro na sufuria zake, Lamunu mapajani. Upande wa pili wa uwanja bendi ilikuwa inaanza mazoezi. Ojara aliinua mkono, na matarumbeta manne yakasoma mstari mmoja mpya kutoka karatasi yenye muhuri wa serikali: mbili ndefu, tatu fupi, na moja inayopanda.

Dereva aliwasha injini. "Mama, twende."

Akwero alisimama juu ya mzigo, akajifunga kanga upya kiunoni, kama mtu anayejiandaa kujibu.

"Ngoja," alisema. "Hawajamaliza kumwita."