Mukono itapita wapi?

Leo niliharibu kazi ya mujikulu yangu Chantal na ulizo moja tu.

Chantal alichora mashini ya kusaga mahindi mu ordinateur, ile kompyuta yake. Boulon za kufungia byuma, yeye hazichorake: anazitoshaka ku internet, ziko tayari, zinaingia zenyewe mu tundu. Niliangalia, iko muzuri kabisa.

Nikamuuliza: «Mama, mukono ya kukaza boulon na kle, ile spana, itapita wapi?»

Akazungusha ile mashini, akazungusha tena: nafasi ya mukono haiko.

«Kambo, byuma bya ile mashini bilisha kukatwa asubui.»

Na patron alishamwambia: ukikosea hii, usirudi tena ku kazi.

Sasa analala, uso ku ukuta. Nimepika bukari na majani ya lengalenga, hakukula.

Benye munajua kukaza boulon pasipo mukono, muniandikie. Mi najua kuuliza tu.