Chai ya Mbele

Hapana, Neema, na usinicheke. Mtu wa miaka ishirini na nne ana haki kabisa ya kusema "enzi zetu". Enzi sio lazima ziwe na mvi. Enzi zetu ni zile ambazo simu ya nyumbani ilikuwa moja, ya baba, ina tochi na mchezo wa nyoka, na ukitaka kuongea na Mungu hukuhitaji bando.

Neema ni mdogo wangu, ana miaka kumi na saba, na leo tumebishana tangu nimerudi kutoka kazini hadi mama akazima redio ili atusikie vizuri. Kisa ni kwamba kesho Jumamosi jumuiya inasali kwetu. Neema, bila kuuliza mtu, amemwalika Nabii wake wa kwenye simu aje atufundishe neno. Mimi nikasema sawa aje, ila hafundishi mpaka aulizwe kwanza.

"Aulizwe nini, dada? Mtumishi wa Mungu anahojiwa kama mwizi wa kuku?"

Ndiyo, anahojiwa. Enzi zetu alikuwa anahojiwa, na wengine walitoka na jasho. Neema anasema jumuiya yetu ilikuwa na roho ya kukataa, tuliwaonea watumishi kwa wivu. Nimeshindwa kumjibu kwa mdomo maana nikibishana naanza kupiga kelele, na majirani wanadhani tunagombania mume. Basi naandika. Nyie wa rika langu mliokulia mitaa hii ya Kariakoo, mtanielewa.

Ningemwachia tu Nabii wake. Kila mtu na mambo yake ya kwenye simu. Lakini Neema ana pumu tangu mchanga, na huyo Nabii amewaambia watu wake kwamba kutumia dawa ni kumwambia Mungu "sikuamini". Sasa pampu yake ya pumu iko juu ya kabati, nyuma ya lile sufuria kubwa la sikukuu, eti ameiweka kwenye agano. Jana tunapanda ngazi za ghorofa, akasimama katikati, ameshika ukuta, kifua kinapiga filimbi. Namuuliza vipi, ananiambia anaangalia mandhari. Mandhari gani? Ule ukuta una tangazo la fundi bomba.

Haya. Nakumbuka Jumamosi zetu.

Tulikuwa tunaamshwa wenye maduka hawajafungua mageti. Mama anatumwagia maji ya ndoo yaliyolala usiku kucha yanajifunza ubaridi, anatupaka mafuta ya mgando mpaka uso unang'aa kama sahani, halafu tunatoka kumfuata nyuma kama vifaranga. Mtaa wakati huo ni wa makuli na mikokoteni yao tu. Unapita kwenye harufu ya dagaa, unaingia kwenye harufu ya bizari, unaruka maji ambayo hakuna aliyewahi kujua yanatoka wapi. Upande wa Gerezani nyundo za mafundi zilikuwa bado kimya, kwa hiyo ulisikia vizuri kandambili zako mwenyewe. Leo tunasali kwa fulani, wiki ijayo kwa fulani, nyumba kwa nyumba, wote wa kanisa moja. Viatu mlangoni vimerundikana, watu wazima kwenye makochi, sisi watoto mkekani, mbele kabisa, ambapo kila mama aliweza kumfinya wa kwake bila kuinuka.

Na tulikaa kimya, tofauti na watoto wa siku hizi wanaopewa simu ili wakae kimya. Sisi tulinyamazishwa na maandazi. Bi Zuhura wa ghorofa ya chini, Mwislamu safi wa swala tano, ndiye aliyekaanga maandazi ya jumuiya zote za jengo letu, na ratiba yetu aliijua kuliko mwinjilisti. Harufu ya iliki inapanda ngazi, inapita chini ya mlango, inaingia katikati ya sala. Mtu anaomba kwa ajili ya taifa, wewe unaomba amalize.

Ila sheria ilikuwa ngumu: neno kwanza, chai baadaye. Hata mchungaji akija, hata askofu angekuja, neno kwanza. Anayefundisha haonji kitu mpaka amalize. Mtu mmoja tu ndiye aliyepewa chai kabla ya neno, na huyo alikuwa mgeni aliyeshindwa swali la Mama Aikande.

Mama Aikande alikuwa mzee wa kanisa wa jumuiya yetu. Mchaga wa Machame, mwanamke mpana, anauza maharage kwa jumla, na kwenye mkoba wake kulikuwa na Biblia, kitabu cha nyimbo na bambo. Bambo ni kile kichuma chenye ncha na mfereji: unakichoma ubavuni mwa gunia, kinatoka na punje za katikati. Muuzaji akimwambia "mama, mali safi, ona mwenyewe," yeye hata haangalii mdomo wa gunia. Anachoma. Mara nyingi muuzaji anaanza kukohoa.

Na wahubiri aliwachoma hivyo hivyo.

Maana Kariakoo iliingiza kila bidhaa, na wahubiri wakiwemo. Walikuja wa kila namna. Kuna aliyekwenda mbinguni akarudi, na huko juu alionyeshwa kwamba wanawake wenye rasta za kununua hawapo hata mmoja. Nusu ya wamama wetu wakajishika vichwa. Kuna aliyetangaza kwamba mwisho wa dunia ni Jumanne inayokuja. Mama Aikande akamsikiliza kwa heshima zote, akasema, "Baba, Jumatano nina mzigo unashuka kutoka Mbeya. Niwaambie wasilete?"

Yule baba akauliza, "Mzigo wa nini?"

Akaletewa chai.

Swali lenyewe lilikuwa fupi. Mgeni akishaketi, akishasema Bwana asifiwe ya kutosha, Mama Aikande anamkazia macho na kumuuliza, "Baba, wewe nani anakukemea?"

Basi. Hakuulizi Waebrania inasema nini. Anataka kujua nani yuko juu yako, nani anaweza kukuita pembeni akakwambia hapa umekosea, nawe ukanyamaza ukasikia. Mama yangu alimuuliza siku moja kwa nini swali hilo hilo kila siku. Akasema, "Juu ya gunia kila mtu anaweka maharage mazuri. Mimi nataka ya katikati."

Wengine walijibu bila shida: mchungaji wangu fulani, wa usharika fulani. Hao walifundisha. Lakini kulikuwa na wale wanaovuta pumzi, wanatoa kifua, wanasema, "Mimi mama, hakuna mwanadamu wa kunikemea. Nawajibika kwa Mungu peke yake." Hapo Mama Aikande hagombi wala hapandishi sauti. Anageukia jikoni, anasema kwa upole, "Mama, mleteeni mgeni chai."

Chumba kizima kimeelewa. Sisi mkekani tunagusana viwiko, "Chai ya mbele! Chai ya mbele!" Mgeni peke yake ndiye hajui, anafurahi, anaona ameheshimiwa kuliko wote. Anakunywa, anakula maandazi mawili, tunaimba, tunaombea safari yake, na anajikuta kwenye ngazi ameshiba na hajafundisha hata mstari mmoja. Sijawahi kuona mtu akifukuzwa kwa adabu namna ile. Bi Zuhura akimwona anashuka mapema, anapaza sauti kutoka kwenye jiko lake, "Na huyu naye ameshindwa?"

Sasa Neema, hapa nakuwa mkweli kwako. Kuna siku tulikosea.

Kwenye jengo letu alihamia Mama Kapinga, mgeni kutoka Songea, mume wake akifanya kazi bandarini. Zamu yake ya kwanza kupokea jumuiya ikafika, na sisi wote, wajuaji wakubwa, hakuna aliyemweleza sheria ya chai. Asubuhi hiyo akatangulia kufika baba mmoja kijana, shati la mikono mifupi, suruali ya jinsi, begi mgongoni. Mama Kapinga akafanya kile ambacho mama yeyote aliyelelewa angefanya. Akamkaribisha, akampa kikombe kikubwa cha chai ya maziwa, kimejaa.

Mama yangu akaingia, akaona kikombe, akampa yule kijana mkono kwa masikitiko kama yuko msibani. Baba Witi, mwanajumuiya mwenzetu, akaingia, akaona kikombe, akampigapiga bega: "Pole kaka. Mungu ni mwema." Yule kijana anashukuru tu, haelewi anapewa pole ya nini. Tulivyokaa akakohoa, akafungua Biblia yake. Mama mmoja akaanzisha wimbo. Tukaimba beti zote. Ukaisha, akafungua tena Biblia, mwingine akaanzisha wimbo mrefu zaidi. Mara ya tatu alifungua mdomo tu, watu wakasimama kabisa na kupiga makofi. Sisi mkekani tulikuwa hoi, tumeziba midomo kwa magauni.

Ndipo akaingia Mama Aikande, amechelewa kwa sababu ya kushusha mzigo, vumbi la maharage bado kwenye nyusi. Akaangalia kikombe, akatuangalia sisi.

"Nani amemuuliza huyu?"

Kila mtu akaanza kutafuta wimbo kitabuni.

"Hakuna? Sasa anakunywa chai ya nini?"

Yule kijana akasimama. "Mama, shikamoo. Mimi ni mchungaji wenu mpya. Nilitaka kuwatembelea kabla ya Jumapili."

Mtu akaangusha kitabu cha nyimbo. Baba Witi akatazama dari. Mama yangu akaanza kuniwekea sawa kola ambayo gauni langu halikuwa nayo. Mwanadamu mwingine angepiga magoti kuomba radhi. Mama Aikande akaitikia marahaba, akavuta kiti akakaa mbele yake, na akasema, "Karibu sana, mchungaji. Wewe nani anakukemea?"

Niliona mama amefumba macho.

Mchungaji akafikiri, akasema, "Mke wangu, kila siku. Mkuu wa jimbo, nikizidi. Na naona kuanzia leo, wewe."

Mama Aikande akanyoosha mkono, akamnyang'anya kikombe kikiwa nusu. "Kirudi jikoni. Atamalizia akishafundisha."

Mama Kapinga maskini alikuwa mlangoni, machozi yanamlenga. "Jamani, kwetu mgeni anaanza kunywa!"

"Na ndivyo inavyotakiwa, mama," Mama Aikande akamwambia. "Wewe huna kosa. Kosa ni la hawa waliomhukumu mtu kwa kikombe. Kuanzia leo, kikombe hakitoki kabla ya swali. Hata mgeni awe na sura mbaya vipi."

Na mchungaji akafundisha, jicho moja kwenye Biblia, jingine kwenye mlango wa jikoni. Alikaa na sisi miaka mingi, na akikosea kwenye mahubiri Mama Aikande alimngoja nje baada ya ibada, mkoba mkononi. Tulikuwa tunachelewa kwenda kucheza rede ili tu tuone akisema, "Nimekuelewa, mama."

Ndiyo enzi zetu hizo. Leo Mama Aikande amerudi Machame na magoti yake yanayomuuma, mtaa ni ghorofa juu ya ghorofa, na jumuiya imebaki wamama wachache na Baba Witi, ambaye sasa ndiye mzee wa kanisa. Mtu mwema sana. Mwizi akiingia kwake atatafutiwa kiti. Nimempigia simu jioni hii kumweleza habari ya Nabii na pampu, akaguna muda mrefu, akasema, "Mwanangu, tusimhuzunishe mgeni."

"Basi nimuulize mimi?"

"Nyumba ni yenu."

Nimechukua hiyo kuwa ndiyo.

Unajua kinachoniuma, Neema? Zamani mhubiri alipaswa kupanda ngazi. Alifika kwetu anahema, anavua viatu tunaona soksi zake, anakaa pale ambapo watu wazima wanamwona kutoka pande zote. Wako ameingia moja kwa moja kwenye mto wako wa kulalia, peke yenu, na spika sikioni. Hakuna aliyekuwepo kumuuliza. Na chai haipiti kwenye simu.

Lakini kesho mwenyewe umemleta apande ngazi. Hapo umenisaidia.

Mama nimeshamwambia. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua hata kichwa. "Uliza kwa adabu. Na uvae gauni, sio hiyo suruali."

Kwa hiyo kesho asubuhi nitaamka mapema, Bi Zuhura akiwa bado hajabandika mafuta. Nitashusha sufuria la sikukuu, nitachukua pampu iliyo nyuma yake, nitaitia mfukoni mwa gauni, iwe karibu, maana Neema akikasirika kifua kinambana na nina hakika kesho atakasirika. Chai nitaichemsha, lakini kikombe hakitatoka. Nabii akifika nitampokea begi, nitampa shikamoo yake, nitamkalisha pale pale alipokaa mchungaji wetu kila alipokuja kwetu. Halafu nitamuuliza mbele ya Neema: baba, wewe nani anakukemea?

Akitaja mtu, nitaomba namba yake, nimpigie hapo hapo, nimuulize kama anajua habari ya watoto wa pumu kuacha dawa. Huyo mtu akimkemea naye akasikia, nitakaa mkekani na umri wangu huu nimsikilize mpaka mwisho.

Akisema hana wa kumkemea ila Mungu, jikoni nitaenda mwenyewe. Kikombe nimeshakiosha, kile kikubwa cha wageni. Na maandazi nitampa mawili, Neema asije akasema tulimwonea.