Vile nilivalisha ng'ombe wa jirani kiatu upande mbaya

Niaje wakuu. Hii story ni yangu, sijaambiwa na mtu, na pahali nilikosea nitasema nilikosea.

Mimi ni fundi wa viatu, niko na kibanda Makina. Nyumba ni Silanga, ile side ya Nairobi Dam, na jirani yangu ni Mama Akinyi. Ako na ng'ombe mmoja tu, anaitwa Risper. Maziwa ya Risper ndiyo imesomesha wasichana wake wawili, kwa hivyo huyo si ng'ombe tu, ni mtu wa nyumba.

Jumatatu moja Risper akaamka anachechemea mguu wa nyuma. Jumanne hakanyagi kabisa. Hakuli vizuri, maziwa imepungua.

Mama Akinyi akataka kuita vet. Mimi nikamwambia tulia, mguu ni mguu, na miguu ndiyo kazi yangu.

(Kujiamini kwingine ni ugonjwa, wakuu.)

Mnajua kwato ya ng'ombe imegawanyika vidole viwili. Kile cha nje kilikuwa moto, ukigusa anarusha teke. Nikafikiria kama fundi: penye panauma ndio panawekewa soli laini. Nikakata tairi, nikaweka sponji, nikafunga kwa hicho kidole. Ikatoka akala, ile sandal ya tairi, safi kabisa. Hata nilipiga picha.

Jumatano Risper akalala chini, akakataa kusimama.

Mtu wa butchery akasikia. Akaambia Mama Akinyi kama Risper hatakuwa anatembea Jumamosi, atakuja kumchukua kabla akonde. Mama Akinyi akakubali. Hakunilaumu hata kidogo, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi. Siku hiyo nilikaa kibandani na sikushona hata kiatu moja.

Alhamisi mimi mwenyewe nikaita vet. Mzee mpole, amevaa gumboots. Kuona akala yangu akacheka mpaka akashika ukuta.

"Fundi, kazi ni safi. Lakini umevalisha kidole mgonjwa. Sasa uzito wote unakalia kidonda."

Akaitoa, akachonga chini ya kwato na kisu iliyopinda. Usaha nyeusi ikatoka, harufu mbaya, na ndani kulikuwa na msumari mfupi wa mabati. Niliona aibu. Huo msumari nilikuwa nimeufunika na sponji siku mbili.

Alafu akaniuliza kama naweza pata kipande cha mbao ngumu.

Nikakimbia Makina, nikarudi na kisigino cha mbao cha kiatu cha mama mmoja, zile wedge nene za mitumba, mwenyewe hajawahi kukuja kuchukua. Tukakipiga msasa kikawa flat. Vet akakibandika na gluu yake chini ya kile kidole kingine, kisicho na ugonjwa. Hapo ndio nilielewa. Unainua kile kizuri, mgonjwa anabaki hewani, anapumzika.

Akadunga Risper sindano, akasema maziwa isiuzwe wala kunywewa mpaka zile siku ameandika ziishe. Mama Akinyi alifuata hiyo kama sheria.

Jumamosi mtu wa butchery akafika mapema, kamba mkononi. Mama Akinyi amesimama mlangoni. Risper akaangalia ndoo ya maji ikiwa kona ile ingine. Akainuka. Akatembea polepole, kisigino ikigonga simiti, akafika, akakunywa.

Mtu wa butchery akakunja kamba yake akaenda.

Mama Akinyi akaniangalia, machozi inamtoka. "Fundi," akasema, "leo ndio umeshona."

Wakuu, mimi nimejifunza hivi: ng'ombe akichechemea anza kuangalia kwato, na uite vet siku ya kwanza, usingoje ya nne kama mimi.

Risper sahi anatembea kuliko sisi. Kisigino ilitoka yenyewe baada ya wiki kadhaa, imelika upande moja, nimeitundika kibandani. Sasa shida yangu ni huyo mama mwenye kiatu. Akikuja namwambia nini? Nisaidieni hapo, na kama umewahi kuuguza mguu wa ng'ombe, tuambie ulifanyaje.